Kuandaa ofrenda: mwongozo kamili wa kuwaenzi marehemu kwa desturi za Meksiko

Kila mwaka, mwishoni mwa Oktoba, familia nyingi za Meksiko husafisha sebule, husogeza meza hadi ukutani na kuanza kuandaa karamu kwa ajili ya watu waliokwisha kuzikwa. Meza hiyo huitwa ofrenda, na sikukuu yenyewe huitwa Día de Muertos, yaani Siku ya Wafu. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanazifahamu tarehe zake, kwa sababu ndizo zile zile za Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, na Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ambapo waumini huenda makaburini kusali na makaburi hubarikiwa. Mmeksiko anayeshika desturi hii huongeza jambo moja zito: huamini kwamba katika siku hizo marehemu mwenyewe anarudi nyumbani, akiwa amechoka kwa safari, ana kiu na ana njaa, na kwamba ni wajibu wa waliobaki kumpokea kama apokewavyo mgeni wa heshima.

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya imani hiyo. Kila kitu kinachowekwa juu ya ofrenda kina kazi kwa mgeni huyo. Anayeielewa kazi hiyo anaweza kuandaa ofrenda ya haki juu ya stuli moja, kwa glasi ya maji, mshumaa na picha, ilhali asiyeielewa anaweza kununua mapambo ya thamani kubwa yasiyomkaribisha mtu yeyote.

Chimbuko lake kwa ufupi

Kabla Wahispania hawajauteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, Wamexica, ambao wengi huwaita Waazteki, waliamini kwamba wengi wa waliokufa husafiri kwa miaka 4 kwenda Mictlan, nchi ya wafu iliyotawaliwa na Mictlantecuhtli pamoja na mkewe Mictecacíhuatl. Katika karne ya 16 mtawa Mdominiko Diego Durán aliandika habari za sikukuu mbili za wenyeji, moja ya marehemu wadogo na nyingine ya marehemu wakubwa, na akaeleza shaka yake kwamba watu walikuwa wakiziendeleza ndani ya siku za Kikatoliki za Novemba. Sikukuu ya leo imechanganya mikondo hiyo miwili kiasi kwamba si rahisi kuitenganisha: msalaba na rozari viko palepale na moshi wa utomvu na maua ya asili ya nchi hiyo. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza sikukuu hii ya jamii za wenyeji wa asili katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Nyuso zilizopakwa rangi za fuvu na gwaride kubwa la Jiji la Meksiko ni mambo ya baadaye. Gwaride hilo lilianza mwaka 2016. Yule mwanamke wa mifupa mwenye kofia pana, Catrina, alitokana na mchoro wa José Guadalupe Posada aliyefariki mwaka 1913, kisha Diego Rivera akamchora akiwa amevaa gauni kamili katika picha kubwa ya ukutani aliyoimaliza mwaka 1947. Mambo hayo yanapendeza, lakini familia inaweza kuyaacha yote na bado ikawa imewaenzi wafu wake kikamilifu.

Anza kwa kujua unamkaribisha nani

Wiki mbili au tatu kabla ya Novemba, kaa na wazee wa familia na uandike majina. Wengi huanzia kwa wazazi, mabibi na mababu, kisha wajomba, shangazi, watoto waliofariki na marafiki. Mbele ya kila jina andika alichopenda kula, alichopenda kunywa, kazi aliyoifanya, na kifaa ambacho watu wakikiona humkumbuka yeye. Hatua hii haiuzwi sokoni, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba nusu ya thamani ya sikukuu nzima, kwa sababu ndipo wajukuu wanapomsikia kwa mara ya kwanza babu ambaye hawakumkuta.

Tafuta picha ya kila mmoja. Picha yenye mtu aliye hai huepukwa, kwani wengi huamini kwamba kumweka aliye hai miongoni mwa wafu kunamletea mkosi. Ikiwa picha pekee ya mama inamwonyesha akiwa na dada yake ambaye bado yu hai, kata nakala yake ili abaki mama peke yake. Asiye na picha huwakilishwa na jina lake lililoandikwa vizuri kwenye karatasi, au na kitu chake, kama vile kofia, kitabu cha sala au cherehani. Acha pia nafasi ya mshumaa mmoja usio na jina, kwa ajili ya roho isiyo na mtu wa kuikumbuka. Familia nyingi za Meksiko hazisahau mshumaa huo, na ni ukarimu mkubwa kumwashia taa mtu usiyemjua.

Zipange siku

Roho zote haziji kwa pamoja. Katika sehemu nyingi tarehe 28 Oktoba hutengwa kwa waliofariki kwa ajali au kwa mikono ya watu. Watoto wadogo, ambao huitwa angelitos, yaani malaika wadogo, hutarajiwa kuanzia tarehe 31 Oktoba na husherehekewa tarehe 1 Novemba. Watu wazima hufika baada ya watoto kuondoka, mara nyingi kuanzia adhuhuri ya tarehe 1, na hukaa hadi tarehe 2. Utaratibu hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo ukiwa mgeni wa familia fulani, fuata saa zao.

Kwa vitendo, hii ina maana kwamba meza iwe imesimama ifikapo tarehe 30 Oktoba, au mapema zaidi ukimkaribisha aliyefariki kwa ajali au kwa mikono ya watu. Vyakula vya watoto huwekwa kwanza, navyo huwa laini na vitamu, bila pilipili: maziwa, matunda, peremende, mkate mdogo na vitu vya kuchezea. Vikishaondolewa, ndipo huja vyakula vizito vya watu wazima, pamoja na kahawa, sigara au pombe kwa aliyezitumia.

Isimamishe meza

Chagua sehemu ambayo wanafamilia hupita na kukaa, mbali na pazia na upepo, kwa kuwa mishumaa itawaka kwa saa nyingi. Tandika kitambaa cheupe safi. Wengi hupanga ngazi: mbili humaanisha mbingu na ardhi, tatu huongeza makao ya roho zinazotakaswa, na saba huonyesha hatua ambazo roho hupitia kabla ya kupumzika. Makasha imara ya mbao yaliyofunikwa kwa kitambaa yanatosha kutengeneza ngazi hizo. Nyumba nyingi za vijijini hutumia meza moja tu, zikaweka juu yake upinde wa mabua ya miwa uliofungwa maua, ambao ni mlango wa kuingilia wageni. Katika eneo la Huasteca, ambako sikukuu huitwa Xantolo, upinde huo ndio moyo wa ofrenda.

Picha hukaa juu, karibu na msalaba au sanamu ya mtakatifu ambaye marehemu alimpenda. Chini, mbele ya meza, hutandikwa mkeka uliosukwa, ambao Wameksiko huuita petate, ili aliyetoka mbali apate pa kupumzika. Baadhi huweka pia sanamu ndogo ya mbwa wa aina ya xoloitzcuintle, kwa sababu katika simulizi za kale mbwa ndiye aliyemvusha marehemu mto katika safari ya Mictlan.

Maji, chumvi, mwanga na moshi

Hivi vinne visikose. Glasi ya maji safi humkata kiu mgeni. Yabadilishe kila siku. Kisahani cha chumvi hutakasa na huilinda roho isiharibike katika safari yake ya kurudi. Mshumaa mmoja huwekwa kwa kila marehemu, na pengine minne zaidi katika pande nne za dunia. Tumia mishumaa iliyomo ndani ya glasi au iliyosimamishwa ndani ya bakuli la mchanga, uitenge kabisa na karatasi za mapambo, na usilale ukaiacha inawaka. Anayetaka mwanga wa usiku kucha apange zamu za kukesha, kama watu wafanyavyo makaburini.

Moshi ni wa copal, utomvu wa miti ya jamii ya Bursera, ambao huchomwa juu ya makaa katika chombo cha udongo ili kusafisha mahali na kumwongoza mgeni kwa harufu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakiona chombo hicho na kukitambua mara moja, kwani hakitofautiani sana na chetezo. Jina la copal lenyewe liliwahi kufika Zanzibar: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani walilitumia kuiita sandarusi iliyochimbwa katika pwani yetu na kununuliwa kwa ajili ya kutengenezea vanishi, ingawa ilitoka kwenye mti mwingine kabisa. Ukikosa copal, tumia ubani, kwa sababu mti wake na miti ya copal ya Meksiko ni wa familia moja ya mimea. Washa makaa nje hadi yashike majivu meupe, tia chembe ndogo ndogo, kisha pitisha chetezo mbele ya meza na katika vyumba, ukiacha dirisha moja wazi.

Maua na njia

Ua la sikukuu ni cempasúchil, ambalo wataalamu wa mimea huliita Tagetes erecta: ua nene la rangi ya machungwa lenye harufu kali. Jimbo la Puebla hulilima kwa wingi sana, na katika Jiji la Meksiko malori yaliyojaa maua hayo huingia soko la Jamaica, ilhali wakulima wa Xochimilco huyaleta yakiwa kwenye vyungu. Rangi yake na harufu yake humwonyesha marehemu njia. Weka mafungu mezani, kisha chambua petali na uzimwage kutoka mlango wa nje hadi miguuni mwa ofrenda bila kukata mstari, kwa kuwa njia iliyokatika humpoteza mgeni. Familia nyingi huongeza ua la terciopelo, lenye rangi ya damu na umbile la upanga wa jogoo, pamoja na maua madogo meupe, hasa kwa watoto.

Anayetaka kulima yake mwenyewe asie mbegu miezi mitatu hadi minne kabla ya sikukuu, mahali penye jua la kutosha. Usibadilishe kwa maua ya plastiki. Ni afadhali matawi machache ya ua lolote bichi lenye harufu, kwani harufu ndiyo inayofanya kazi.

Karatasi zilizotobolewa

Bendera za karatasi laini zenye michoro iliyotobolewa huitwa papel picado, na mji unaosifika zaidi kwa kazi hiyo ni San Salvador Huixcolotla, Puebla, ambako mafundi hupanga makumi ya karatasi kwa pamoja na kuzitoboa kwa patasi na nyundo. Nyumbani mkasi unatosha. Kunja karatasi nyepesi ya rangi mara tatu au nne, kata pembetatu na nusu duara kwenye mikunjo, ikunjue, kisha gundisha ukingo wa juu kwenye uzi. Zitundike mahali ambapo hewa itazigusa, kwa maana huwakilisha upepo, mbali na ndimi za mishumaa. Zambarau, machungwa, nyeusi na waridi ndizo rangi zinazoonekana zaidi.

Mkate wa wafu

Pan de muerto ni mkate laini, mtamu, wa duara, wenye kidonge katikati kinachowakilisha fuvu na vijiti vinne vinavyowakilisha mifupa. Huko Oaxaca hutumika mkate wa mayai mengi wenye sura ndogo iliyopakwa rangi, na maeneo mengine huufinyanga kwa umbo la mtu. Kipimo kinachofuata ni cha ule wa duara, na hutoa mkate mmoja mkubwa au midogo minane.

Pasha maziwa ml 100 yawe vuguvugu, tia hamira kavu g 10 na kijiko kimoja cha sukari, uache kwa dakika 10 hadi povu litokee. Katika bakuli kubwa changanya unga wa ngano g 500, sukari g 110, chumvi g 5 na maganda ya machungwa mawili yaliyoparuzwa bila ile sehemu nyeupe. Ongeza mayai matatu, maziwa yenye hamira, na kijiko kikubwa kimoja cha maji ya maua ya mchungwa ukiyapata. Ukiyakosa, yaache; marashi ya waridi yaliyozoeleka pwani yanaugeuza mkate kuwa kitu kingine. Kanda kwa dakika 5, kisha ingiza siagi laini g 120 kidogo kidogo, ukiendelea kukanda kwa dakika 10 hadi 15. Mwanzoni donge litanata na kukukatisha tamaa. Usiongeze unga, endelea kukanda, nalo litakuwa nyororo na kuachana na bakuli lenyewe.

Funika, uache kwa saa moja na nusu hadi mbili, hadi liumuke maradufu. Tenga g 120 za kutengenezea mifupa, ulifinyange lililobaki kuwa duara na uliweke kwenye trei iliyopakwa siagi. Gawa donge dogo: sehemu moja iwe kidonge, zilizobaki zisukume kuwa vijiti, ukibonyeza kwa vidole vilivyoachana ili vinundu vya mfupa vitokee. Vibandike kwa msalaba kwa kutumia yai lililopigwa, na kidonge juu. Acha uumuke tena kwa dakika 45 hadi 60, kisha oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi: dakika 30 hadi 35 kwa mkubwa, 18 hadi 20 kwa midogo. Ukishapoa kidogo, upake siagi iliyoyeyushwa na kuumwagia sukari. Oka mikate miwili kama unaweza, mmoja wa mezani kwa wafu na mwingine wa kuliwa na kahawa au chokoleti ya moto.

Mafuvu ya sukari ni kazi ya mafundi wenye vyungu vya kumiminia, na mji wa Toluca una soko lake maalumu la vitu hivyo kila mwaka. Yanunue kama yanapatikana. Kwenye paji la uso huandikwa jina, la marehemu au hata la rafiki aliye hai, kwani mafuvu hayo hupeanwa kama zawadi.

Vyakula vingine vya mezani

Mezani kwa Wameksiko utakuta mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu, karanga au mbegu, viungo na mara nyingi chokoleti. Tamale zilizofungwa kwa maganda ya mahindi au majani ya ndizi. Na atole, ambao ni uji wa mahindi wenye mdalasini. Anayejaribu tamale atafute unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, kwa sababu unga wetu wa ugali haushikani inavyotakiwa. Katika Rasi ya Yucatán, ambako sikukuu huitwa Hanal Pixán, huokwa tamale kubwa ndani ya shimo la ardhini.

Kilicho rahisi zaidi kwa jiko la kwetu ni calabaza en tacha, yaani boga la sukari. Kata boga la kilo 3 vipande vikubwa pamoja na ganda lake, uvipange ndani ya sufuria na sukari guru kilo 1 iliyovunjwa, vijiti viwili vya mdalasini, karafuu nne na ganda la chungwa moja. Tia vikombe viwili vya maji, funika, upike kwa moto mdogo kwa saa moja au zaidi, hadi shira iwe nzito na nyeusi.

Hata hivyo orodha ya Wameksiko haipaswi kuishinda ile uliyoiandika na wazee wako. Ikiwa bibi yako wa Tanga alipenda mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, hivyo ndivyo vinavyostahili kuwa mbele ya picha yake. Kumwekea mole ambayo hakuwahi kuionja kunapendeza wapigapicha zaidi ya kumpendeza yeye.

Kupokea na kukesha

Jioni ikifika, washa mishumaa kwa kuanza na ya aliyetangulia kufariki, na kila mshumaa utajiwe jina kwa sauti. Choma copal au ubani. Familia za Kikatoliki husali rozari. Nyingine husimulia tu. Chakula cha ofrenda hakionjwi mpaka wageni wamalize, na inaaminika kwamba wao hula harufu na ladha. Kulia si kosa, lakini kicheko pia kinaruhusiwa, na Wameksiko hutunga hata mashairi mafupi ya mzaha kuhusu kifo, yaitwayo calaveritas.

Makaburini, safisha kwanza: ng'oa magugu, osha jiwe, paka rangi msalaba, halafu panga maua na taa. Kwenye kisiwa cha Janitzio katika Ziwa Pátzcuaro, Wapurépecha hukesha kaburini kwa mishumaa usiku wa kuamkia tarehe 2, na huko San Andrés Mixquic, kusini mashariki mwa Jiji la Meksiko, makaburi yote huwaka taa jioni ya tarehe 2. Watalii ni wengi katika sehemu hizi mbili. Ukienda, usipige picha ya mtu aliye kaburini kwake bila kumwomba ruhusa, usikanyage maua, na usikae juu ya kaburi.

Katika miji ya Huaquechula, Puebla, na Ocotepec, Morelos, nyumba iliyofiwa ndani ya mwaka huo huandaa ofrenda kubwa kuliko zote na kuwafungulia watu milango. Mgeni hufika na mshumaa au maua, husimama mbele ya picha kwa muda, huwapa pole wenyeji, kisha hukaribishwa chakula. Kukataa chakula hicho ni kuwavunjia heshima. Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kuandaa meza kama hii bado anaweza kumtembelea jirani au mfanyakazi mwenzake Mmeksiko kwa adabu hiyo hiyo, akamsikiliza akisimulia habari za aliyemo pichani.

Kuivunja ofrenda

Tarehe 2 jioni au tarehe 3, wageni wakishaagwa kwa sala na moshi wa mwisho, familia huikusanya meza. Matunda, mikate na vyakula vinavyodumu hugawiwa kwa ndugu, majirani na wasimamizi wa ubatizo, nao huleta vya kwao, hivyo vikapu hupishana njiani siku nzima. Vyakula vilivyopikwa na kukaa nje usiku na mchana bila barafu visiliwe, na kwa sababu hiyo ni busara kuweka mezani sahani ndogo tu ya kila pishi na kuhifadhi sehemu kubwa jikoni. Maji hunyunyiziwa mimea. Petali hufagiliwa na kupelekwa bustanini, lakini tenga vichwa vichache vya maua vilivyokomaa, uvianike kivulini na uvihifadhi ndani ya bahasha ya karatasi, maana mbegu zake hupandwa tena mwaka unaofuata. Picha hurudishwa ukutani, karatasi zilizotobolewa hukunjwa, na ile orodha ya majina huwekwa pamoja nazo ili mwaka ujao iongezewe yale yaliyokumbukwa mezani.